Taabu Zilizowapata Wazee Wetu, na Imani Iliyowashika



Siku moja tulikuwa tukirudi makaburini, sisi walimu pamoja na wazee wa kanisa. Bibi mmoja aliyekuwa amemzika mwanawe wa tatu akatungoja njiani. Akatuamkia kwa adabu, “Kamwene,” kisha akauliza, “Mwalimu, hawa watatu nimewaweka wote katika udongo. Je, Mungu amenisahau, au mimi nimemkosea nini?” Nasi tukamjibu upesi kama watu walio na haraka, “Ni mapenzi ya Mungu, bibi.” Yule bibi hakusema neno tena. Aliinama, akaokota jembe lake, akaenda zake.

Usiku ule hatukulala vema, maana tuliona kwamba jibu letu halikuwa mkate bali jiwe. Tukakumbuka kuwa nchi hii yetu ya Nyanda za Juu za Kusini, tangu Iringa na Ubena hata Usafwa, Unyiha na Unyakyusa, imepita katika taabu nyingi sana, na kanisa letu lilizaliwa katikati ya taabu hizo. Basi tukaazimu kuandika habari za wazee wetu, tupate kuona walizichukuaje, na sisi tujifunze kujibu vizuri zaidi kuliko tulivyojibu siku ile.

Siku za vita na utumwa

Wako watu wasemao kwamba zamani wazee waliishi kwa raha, na taabu zililetwa na siku hizi. Neno hili si kweli. Kabla ya mwaka 1890 nchi hizi zilikuwa zikitikiswa na vita. Wangoni walikuwa wamepanda kutoka kusini wakiteka watu na ng'ombe. Wahehe na Wasangu walipigana miaka mingi, hata Merere, mtemi wa Wasangu, akafukuzwa Usangu akakaa Utengule katika nchi ya Wasafwa, akajenga boma la mawe. Misafara ya biashara ilinunua watu kama inavyonunua pembe za ndovu. Mtoto alipokwenda kuteka maji, mama yake hakuwa na hakika ya kumwona tena jioni. Kisha ikaja sotoka, ikaua ng'ombe wengi mno, na watu waliotegemea mifugo wakabaki mikono mitupu.

Mwaka 1891 ni mwaka wa kukumbukwa. Tarehe 17 Agosti mwaka huo, huko Lugalo karibu na Iringa, Mkwawa na Wahehe wake walilivunja jeshi la Wadachi, na mkuu wake Zelewski akauawa. Na mwaka huo huo, upande wa Ziwa Nyasa, wamisionari wa kwanza walipanda milima ya Unyakyusa. Wamoravian walikuwa vijana wanne: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Martin alikufa mwaka ule ule, kabla wenzake hawajajenga kituo cha Rungwe. Watu wa misheni ya Berlin, wakiongozwa na mzee Alexander Merensky, walijenga kituo chao cha kwanza katika Unyakyusa mwaka huo huo. Basi tazameni: kazi ya Injili katika nchi hii ilianza kwa kaburi.

Tena tuangalie ni nani waliokuwa wa kwanza kukaa karibu na vituo vile. Hawakuwa watemi wala matajiri. Wengi walikuwa watu waliokimbia: waliotekwa wakatoroka, wajane wasio na ndugu, watoto wasiojua kabila lao. Wamoravian walipoanza kituo cha Utengule mwaka 1895, watu wa namna hii walikuja wakitafuta ulinzi. Mke wa mmisionari mmoja wa huko, Elise Kootz-Kretschmer, aliketi nao akaandika habari za maisha yao kama walivyozisimulia wenyewe. Humo twasikia habari za mama mmoja aitwaye Narwimba, na za mwingine aitwaye Chisi, waliotolewa mkono huu kwenda mkono huu kama vyombo vya nyumbani. Kadhalika Msatulwa Mwachitete wa Unyiha alionja taabu ya vita na kutekwa, na baadaye akawa mwalimu wa Injili kwa watu wake, baada ya kituo cha Mbozi kujengwa mwaka 1899.

Watu hawa hawakuijia imani kwa sababu walikuwa na maisha mepesi. Waliijia kwa kuwa walisikia habari za Mungu ambaye Mwanawe aliuzwa kwa fedha, akapigwa, akauawa nje ya mji. Neno hili mtumwa hulielewa kabla ya mfalme. Sisi tuliozaliwa katika amani twaweza kulisoma tukapita. Wao walilisikia wakasimama.

Mwaka wa Maji Maji

Mnamo Julai 1905 vita ya Maji Maji ilianza katika milima ya Umatumbi, karibu na pwani, ikaenea upesi hata Ungoni na Ubena. Sababu zake zajulikana. Watu walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa nguvu, kutozwa kodi, na kupigwa viboko na maakida. Walikuwa wakitetea nchi yao, nasi hatuna ruhusa ya kuwacheka kwa kuwa waliamini maji yangezuia risasi.

Lakini kwa Wakristo wachache wa Ubena mwaka ule ulikuwa mzigo wa namna mbili. Ndugu zao waliwaona kuwa wamekwisha kuwa watu wa Wadachi. Na Wadachi waliwaona kuwa ni Wabena tu. Mnamo Septemba 1905 kituo cha Yakobi kilishambuliwa. Mmisionari Paul Gröschel alikuwamo pamoja na Wakristo wake, wakakizuia kituo hata washambuliaji wakarudi nyuma. Fikirini, ndugu wasomaji, jinsi ilivyokuwa usiku ule kwa kijana aliyebatizwa juzi. Mbele yake, nje ya ua, wamo wajomba zake na rafiki aliochunga nao mbuzi. Akibaki ndani, aitwa msaliti wa kabila. Akitoka, amewaacha ndugu zake wa imani na mama waliokimbilia humo. Taabu ya namna hii haina njia isiyo na miiba.

Hata baada ya mapigano taabu haikwisha. Serikali ya Wadachi iliona kwamba bunduki peke yake hazitoshi, ikateketeza mashamba na maghala ya vyakula, ili njaa iwashinde watu. Ikawashinda kweli. Wadachi wenyewe walihesabu waliokufa kuwa 75,000. Wataalamu wa historia wa baadaye wamehesabu kuwa 250,000 au zaidi, na walio wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Hapa hatuna budi kusema wazi: njaa ile haikuletwa na ukosefu wa mvua. Iliamriwa na watu, tena watu waliojiita Wakristo. Kwa hiyo tujihadhari tusimsingizie Mungu matendo ya wanadamu. Mtu achomaye ghala la mwenzake, kisha amwambie mjane “ni mapenzi ya Mungu,” amekosa mara mbili.

Wachungaji walipochukuliwa

Habari ambayo wazee wetu waliipenda kuliko zote, na iliyo na mafundisho mengi kwetu, ni ile ya vita kuu ya kwanza.

Mnamo Mei 1916 majeshi ya Waingereza, yakiongozwa na Jenerali Northey, yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia, yakaitwaa Tukuyu. Na mwezi wa Agosti yakaingia Iringa. Wamisionari Wadachi wakakamatwa, wakaondolewa katika vituo vyao pamoja na wake zao na watoto, wakapelekwa mbali. Rungwe, Utengule, Mbozi, Kidugala, Lupembe, Tandala, Bulongwa: vituo vyote vikabaki bila wakuu wake.

Sasa tuangalie hali ya kanisa lililoachwa. Fedha za kutoka Ulaya zilikatika. Mashule mengi yalikosa vitabu na vibao. Tena kulikuwa na upungufu ulio mkubwa kuliko ule wa fedha: kwa miaka 25 wamisionari walikuwa wamewafundisha walimu na wazee wengi, lakini hawakuwa wamewaweka Waafrika wa nchi hizi kuwa wachungaji. Walidhani wakati haujafika. Basi siku walipochukuliwa, hapakuwa na mchungaji wa kubatiza watoto wala wa kushiriki meza ya Bwana pamoja na kundi.

Mtu wa nje angaliweza kusema, “Kazi hii imekwisha. Dini ya Wazungu imeondoka pamoja na Wazungu.” Nao walikuwako waliosema hivyo, na Wakristo waliorudi katika mambo waliyokuwa wameyaacha; hatusemi kwamba wote walisimama. Lakini walimu wengi walikaa. Walipiga kengele siku ya Jumapili kama kawaida. Waliwafundisha watoto kusoma kwa vitabu vilivyochakaa. Waliwazika wafu na kuwatembelea wagonjwa, kisha wakarudi nyumbani kulima, kwa maana mwalimu asiye na mshahara hula jasho la jembe lake.

Baadaye Waskoti wa Livingstonia, katika nchi ya Nyasaland, ambao mkuu wao alikuwa Daktari Robert Laws, waliombwa kuyatunza makanisa haya. Wao nao walikuwa na Wazungu wachache, lakini walikuwa na wachungaji na wainjilisti Waafrika, wakawatuma baadhi yao kuvuka mpaka. Kwa hiyo Wakristo wa nchi hii waliona kwa macho yao jambo ambalo hawakuwa wameliona kwao: Mwafrika amevaa joho la mchungaji, anabatiza, anagawa mkate na divai. Neno hili liliwatia moyo kuliko hotuba nyingi.

Wadachi waliporuhusiwa kurudi, mnamo mwaka 1925 na 1926, walikuta makanisa yaliyo hai. Hawakukuta magofu. Walikuta wazee waliozoea kuamua mashauri, na ambao hawakupenda tena kuongozwa kama watoto. Pakawa na maneno kati yao, kama ilivyo katika nyumba ambayo baba amerudi safarini akamkuta mwanawe amekwisha kuota ndevu. Lakini maneno yale yalikuwa ishara ya uzima. Katika miaka ya 1930 Waafrika wa kwanza wa makanisa haya wakawekewa mikono kuwa wachungaji. Na vita ya pili ilipokuja, Wadachi wakakamatwa tena mwaka 1940, kanisa halikushtuka kama mara ya kwanza. Ndugu kutoka Marekani na Uswidi walikuja kuwasaidia Waluteri, lakini kundi lilikuwa limekwisha kuwa na wachungaji wa nyumbani.

Hapa twaona fumbo. Jambo ambalo wamisionari wema hawakuthubutu kulifanya katika miaka 25 ya amani, taabu ililifungulia mlango. Hatusemi kwamba Mungu alileta vita ili jambo hili litokee. Vita ililetwa na kiburi cha wafalme. Twasema tu kwamba Mungu hakuzuiwa na vita.

Njaa, mizigo na homa

Tusiifanye habari hii kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Miaka ile ile walimu walipokuwa wakipiga kengele, vijana wa nchi walikuwa wakichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi ya pande zote mbili. Yahesabiwa kuwa wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita ile ya Afrika ya Mashariki, si kwa risasi hasa, bali kwa kuhara, homa, njaa na kuchoka. Wengi hawakuzikwa na ndugu zao. Vyakula vilitwaliwa na majeshi yaliyopita, leo ya huku, kesho ya huku. Mwezi wa Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck mwenyewe alipita Ubena akielekea Rhodesia ya Kaskazini, akawaacha wagonjwa wake Njombe, kwa kuwa homa kubwa ya mafua ilikuwa imekwisha kuingia katika jeshi lake.

Homa ile iliizunguka dunia yote. Katika nchi yetu iliwakuta watu waliokwisha kudhoofika, ikawaua maelfu, na hasa wenye nguvu, wale waliopaswa kulima. Nyumba nyingi hapakuwa na mtu wa kuteka maji. Wakati wa namna hii, neno la mahubiri ni dogo kuliko kibuyu cha maji. Mtu aliyeingia katika nyumba ya mgonjwa, akachochea moto, akampikia uji, huyo ndiye aliyehubiri.

Taabu ya siku zetu

Labda msomaji atasema, “Hayo ni ya zamani.” Basi na tuyatazame ya karibu.

Ugonjwa wa ukimwi ulitambuliwa kwanza katika Tanzania mwaka 1983, huko Kagera. Baadaye mikoa yetu ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko mingine ya bara. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2007 na 2008, mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, ulionekana kuwa na watu wazima karibu 16 katika kila 100 wenye virusi vya ugonjwa huu. Mwaka 2011 na 2012 Njombe peke yake ilikuwa na karibu 15 katika 100, na Iringa na Mbeya karibu 9. Uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 uliionyesha Njombe ikiwa na karibu 13 katika 100, ingali ya kwanza katika nchi.

Hesabu hizi twaziandika kwa digiti, lakini sisi vijijini twazijua kwa majina. Twazijua kwa nyumba zilizofungwa milango, na kwa bibi wazee wanaolea wajukuu wanne au watano kwa nguvu za mkono mmoja.

Nasi kanisa, tuseme kweli, mwanzoni tulikosa. Palikuwa na waliosimama madhabahuni wakasema kwamba huu ni mshahara wa dhambi, basi wagonjwa wakajificha, na waliojificha wakafa upesi zaidi. Rafiki zake Ayubu walifanya kosa lilo hilo: walimkuta mtu majivuni, wakaanza kumtafutia makosa. Hata hivyo, kama katika siku za mafua, walitokea watu waliochochea moto. Hospitali za misheni, kama Ilembula na Bulongwa za Waluteri, na Ikonda ya Wakatoliki katika Makete, ziliwapokea wagonjwa. Mama wa vikundi vya kanisa waliwatembelea nyumbani wakibeba unga na sabuni. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza nguvu za virusi zilianza kutolewa bure na serikali, na watu waliokuwa wakingoja kifo wameinuka, wanalima, wanawasomesha watoto wao. Kumeza dawa kila siku kwa uaminifu si upungufu wa imani. Na atakayemwambia mgonjwa aache dawa zake ili aombewe tu, huyo anamjaribu Mungu kwa maisha ya mtu mwingine.

Tujifunze nini?

Katika habari hizi zote twaona mambo matatu.

La kwanza, taabu haimwonyeshi Mungu kuwa ametuacha. Kama taabu ingekuwa alama ya kuachwa, basi kanisa la nchi hii lisingalizaliwa kabisa, maana lilizaliwa na wakimbizi na watumwa, likakua katika njaa, likasimama kwa miguu yake katika vita.

La pili, si kila taabu ni mapenzi ya Mungu. Nyingine zatoka katika mwili wetu dhaifu, kama homa. Nyingine ni kazi ya mikono ya watu, kama moto wa mwaka 1905 na mizigo ya mwaka 1916. Imani haituzuii kuuliza ni nani aliyelichoma ghala. Yatufundisha kuuliza bila chuki, na kulijenga upya.

La tatu, na ndilo kubwa: wazee wetu hawakuzishinda taabu kwa kuzieleza. Hatukusikia kwamba walimu wa mwaka 1916 walijua kwa nini wamisionari wao wamechukuliwa. Walijua tu kwamba Jumapili imefika, na kengele haijapigwa. Wakaenda wakaipiga. Imani yao ilikuwa katika mikono yao na miguu yao. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Lakini faraja ile haikuanguka kutoka mawinguni, ilikuja na mtu aliyefunga safari kuileta.

Twarudi kwa yule bibi tuliyeanza naye. Baada ya kukumbuka haya yote tuliona haya kukaa nyumbani. Tukawaita vijana wa shule ya Jumapili, tukaenda kwake asubuhi na majembe, tukalima shamba lake la viazi, maana mwanawe aliyekufa ndiye aliyekuwa akimlimia. Jua lilipopanda tuliketi kivulini. Tukamwambia, “Bibi, siku ile tulikujibu vibaya. Hatujui kwa nini wanao wamekufa. Twajua kwamba hukumkosea Mungu kwa kufiwa, na kwamba yeye naye alimtazama Mwanawe akifa.”

Yule bibi alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, “Wanangu, leo mmenijibu.” Akaingia jikoni, akatutolea viazi vya kuchemsha, tukaomba pamoja naye, tukala.

Ndugu wasomaji, katika kila kijini chetu wako wenye kuuliza swali la bibi huyu, ingawa wengi hawalitamki. Msiwajibu upesi. Chukueni majembe kwanza.